Kuhama kutoka PC uliyoiunga mwenyewe kwenda Mac mini: hatua kwa hatua

Tangu Windows 10 iachwe rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni wale wale: watu ambao mashine zao niliziunga mimi, au waliziunga wenyewe kwa kuokoteza madabodi Kariakoo, RAM kwa huyu, keisi kwa yule. Sasa prosesa haikubali Windows 11. Mtu amejumlisha bei ya madabodi mpya, prosesa mpya na RAM mpya, akaona kwa hela hiyo hiyo jamaa yake kanunua kiboksi cha Mac mini kinachokaa kiganjani. Swali la kwanza huwa "Nihame?" La pili, siku tatu baada ya kuhama, huwa "Mbona diski yangu haiandikiki?" Ninaandika mara moja, tumalizane.

Mwongozo huu ni wa Mac mini zenye chipu ya Apple, yaani M1 ya Novemba 2020 na zilizofuata. Kwa iMac na Mac Studio hatua ni zile zile. Mac ya Intel usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu macOS Tahoe (macOS ndiyo mfumo endeshi wa Mac) iliyotoka 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali. Majina ya menyu ninayaandika kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Kabla hujatoa pesa

Kwanza tuwaondoe wasiohusika. Kama PC yako uliiunga kwa ajili ya gemu, baki hapo hapo. EA Sports FC haipo kwenye Mac, GTA V haipo, na Counter-Strike 2 ilipotoka 2023 iliiacha Mac nje. Football Manager ipo, kwa hiyo makocha wa sebuleni karibuni. Kadi ya NVIDIA uliyoinunua kwa jasho haina pa kuchomekwa, maana Mac za chipu ya Apple hazikubali kadi ya grafiksi ya nje. Wahasibu nao wasikilize: Tally ni ya Windows, na zile fomu za Excel zenye makro mara nyingi hugoma kwenye Excel ya Mac. Ukiwa mmoja wao bado unaweza kuhama, ila PC utaiacha chini ya meza ikifanya kazi. Hilo liko hatua ya 9.

Pili, kuna tabia moja ya sisi waunga mashine ambayo lazima uiache mlangoni: "nitaongeza baadaye." Tumezoea kununua stiki moja ya RAM ya GB 8, tukipata hela tunachomeka ya pili. Kwenye Mac RAM imekaa pamoja na chipu yenyewe. Haichomolewi wala haiongezwi. Mwaka 2021 nilinunua M1 ya GB 8 kwa mazoea yale yale. Ilikwenda vizuri mpaka nilipoanza kuhariri video za harusi, ikawa inajikokota kama daladala kwenye mlima. Niliiuza kwa hasara nikanunua nyingine. Ada ya shule.

Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024, ilianzia GB 16 za RAM na GB 256 za diski kwa dola 599 huko Marekani. Kupanda kutoka GB 16 kwenda 24, au diski kutoka 256 kwenda 512, kila kimoja kiliongeza dola 200. Ukiwa na hela ya kuchagua kimoja tu, chagua RAM. Diski unaweza kuning'iniza ya nje, RAM huwezi. Kwa kazi za ofisi, intaneti na picha za kawaida GB 16 zinatosha kabisa.

Tatu, kama unanunua iliyotumika, usilipe kabla mashine haijafutwa mbele yako. Ingia System Settings, General, Transfer or Reset, kisha Erase All Content and Settings. Ikiwaka upya, iunganishe na hotspot ya simu yako uanze kuiseti. Ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, imefungwa na Activation Lock. Ikionyesha maneno Remote Management, hiyo ni mali ya kampuni au shule fulani, na wenyewe wanaweza kuidhibiti wakiwa mbali. Ukiona mojawapo, rudisha mashine mezani uondoke. Atakayekuambia "hiyo tunaflashi tu" mwache aflashi ya kwake.

Vya kuandaa

- Monita yenye HDMI. Kama yako ni ya VGA tu, tafuta kigeuzi cha USB-C kwenda VGA.
- Kibodi na mausi ya waya, hata za kuazima. Za Bluetooth zinaweza kukusumbua siku ya kwanza.
- Hub ya USB-C yenye matundu ya USB ya kawaida. Mac mini ya M4 haina tundu hata moja la USB ile kubwa ya zamani. Hiki ndicho kitu ambacho watu wengi husahau, wakabaki usiku wanaiangalia mashine mpya bila kibodi.
- Diski ya nje ya kubebea faili, inayotosha kila ulichonacho.
- Diski ya pili kwa nakala za akiba za kudumu, ukubwa mara mbili ya diski ya Mac.
- Waya wa mtandao mmoja au mbili, kama ruta yako ina kasi.
- Bando la GB 20 hivi, bora la usiku.
- UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika. Nitaeleza.
- Simu yenye laini yako mwenyewe, kwa ajili ya kupokea namba za kuthibitisha akaunti.

Kuhusu umeme: mashine iliyotoka Marekani haihitaji transfoma. Inakula volti 100 hadi 240, na waya wake ni ule wa tundu lenye umbo la namba nane, kama wa redio. Badilisha waya tu.

Hatua

1. Andika orodha ya programu unazotumia kweli. Karatasi na kalamu. Usiandike zote zilizomo, andika ulizofungua mwezi huu. Mbele ya kila moja weka alama: ipo kwenye Mac, ina mbadala, au haipo. Tazama kwenye tovuti ya mtengenezaji, usiulize kijiweni. Kazi hii ya nusu saa ndiyo itakayokuambia kama unahama kweli au unaongeza mashine ya pili.

2. Angalia kama diski zako zina BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo. Kwenye PC fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `manage-bde -status`. Ukikuta diski imelindwa, izime ulinzi na usubiri imalize kufunguka, au angalau hifadhi ufunguo wake wa kuokolea mahali pengine. Watu huchomoa diski kwenye keisi, wanaitia kwenye kasha la USB, wanaichomeka kwenye Mac, na inakuja taarifa kwamba diski haisomeki, na chini yake kitufe cha Initialize. Usikibonyeze kamwe. Kinakupeleka moja kwa moja kwenye mlango wa kuifuta. Chagua Eject, irudishe diski kwenye PC, uifungue kwanza.

3. Toa manenosiri na leseni. Kwenye Chrome unaweza kutoa manenosiri yote kama faili la CSV. Programu ya Passwords ya Mac inalipokea. Faili hilo halina ulinzi wowote, yeyote akilifungua anasoma kila kitu, kwa hiyo lifute mara tu ukishaliingiza, na kwenye pipa la taka pia. Programu za kulipia kama za Adobe, toka kwenye akaunti yako ukiwa bado kwenye PC. Microsoft 365 ya kulipia kwa mwezi au mwaka inafanya kazi pande zote mbili.

Neno la pembeni kuhusu programu "zilizovunjwa", kwa sababu najua PC nyingi zimejaa. Haziji nawe. Na zile za Mac zilizovunjwa ni mojawapo ya njia wanazozitumia wezi wa manenosiri siku hizi. Kuna nyingi zinazokutaka unakili mstari fulani uubandike kwenye Terminal, dirisha la Mac la kuandikia amri. Usiubandike.

4. Weka nakala kwenye diski ya nje. Iformat kwa exFAT (mpangilio wa kuhifadhia faili kwenye diski; NTFS na FAT32 nazo ni mipangilio ya aina hiyo). Sababu ni moja tu: Mac inasoma NTFS ya Windows lakini haiandiki juu yake, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. exFAT inasomeka na kuandikika kote kuwili.

Nakili Documents, Pictures, Desktop, Downloads (humo watu huwa na vyeti vyao vyote, sijui kwa nini), fonti zako, na foleda zozote ulizoziweka kwenye D au E. Baada ya hapo usiifute PC. Isiguswe kwa mwezi mzima. Nakala moja iliyo kwenye diski moja inayobebwa kwenye mkoba wa daladala haihesabiki kama akiba.

Onyo: exFAT ni ya kubebea mizigo, usiifanye ghala. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, huharibika kirahisi kuliko mifumo mingine.

5. Chomeka Mac. Monita kwenye HDMI, hub kwenye tundu la nyuma, kibodi na mausi kwenye hub. Kitufe cha kuwasha kwenye M4 kiko chini ya boksi, kona ya nyuma. Inua kidogo utakigusa. Ndiyo, wameamua hivyo.

Kwenye M4 matundu mawili ya mbele ni USB-C ya gigabiti 10 kwa sekunde, na matatu ya nyuma ni Thunderbolt 4 ya gigabiti 40. Yanafanana kwa sura. Diski ya kasi ichomeke nyuma.

6. Pitia maswali ya kuanzia. Itauliza lugha, nchi na Wi-Fi. Itakapokuuliza kama unataka kuhamisha data kutoka PC ya Windows, kuna programu ya Apple ya kazi hiyo, Migration Assistant, unaiweka pia kwenye PC. Inahamisha faili, barua pepe, anwani na kalenda, programu haihamishi. Mimi huwa naruka. Inakuja na uchafu wote wa miaka minane, na ikikwama katikati hujui imefika wapi. Kwa mkono unajua ulichobeba.

Tengeneza akaunti ya Apple kwa namba yako na barua pepe yako. Usikubali fundi akufungulie kwa ya kwake "kwa muda". Siku ukimtafuta hayupo, mashine si yako. Ikiuliza FileVault (ulinzi wa diski wa Mac), kubali, na ule ufunguo wa kuokolea uuandike kwenye daftari la nyumbani.

Baada ya hapo, kabla ya kitu kingine: System Settings, General, Software Update. Iache usiku na bando lake.

7. Hamisha faili. Njia rahisi ni diski ile ya exFAT: chomeka, fungua Finder (programu ya Mac ya kutazama faili), nakili kwenda Documents na Pictures za Mac.

Njia ya kasi ni waya wa mtandao, PC na Mac zote kwenye ruta. Kwenye PC bonyeza foleda kwa kitufe cha kulia, Properties, Sharing, ishirikishe. Kwenye Command Prompt andika `ipconfig` upate namba ya IP. Kwenye Mac, ukiwa Finder, bonyeza Command na K, andika `smb://` ikifuatiwa na namba hiyo. Kwenye mtandao wa gigabiti 1 utapata MB 110 hivi kwa sekunde, kwa hiyo GB 500 zinachukua saa moja na robo. Lakini ruta nyingi za bei nafuu matundu yake ni ya megabiti 100, na hapo mzigo huo huo utakula zaidi ya saa 12. Ukiona hivyo rudi kwenye diski.

Kosa la kawaida hapa: PC inakataa jina na nenosiri. Unaweka PIN ya tarakimu nne. PIN haifai kwenye mtandao, inatakiwa nenosiri lenyewe. Kama unaingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, andika barua pepe na nenosiri la akaunti hiyo.

Ukimaliza, hakiki. Usilinganishe GB, utachanganyikiwa: Windows inahesabu kwa 1,024 na Mac kwa 1,000, ndiyo maana diski ya TB 1 inaonekana GB 931 upande mmoja na TB 1 kamili upande mwingine. Linganisha idadi. Kwenye PC tazama Properties ya foleda, jumlisha faili na foleda. Kwenye Mac bonyeza Command na I. Zikipishana moja au mbili ni faili fiche kama desktop.ini. Zikipishana mia tatu, rudia. Kisha fungua video moja ndefu, hati moja, na picha moja ya zamani kabisa.

8. Fundisha vidole upya. Hapa ndipo wiki ya kwanza inapoumia, na ndipo watu wanaposema Mac mbaya.

Kama unatumia kibodi ya PC, kitufe cha Windows kinakuwa Command na Alt inakuwa Option, ila vimekaa kinyume na Mac. Vigeuze: System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys, chagua kibodi yako, weka Option ifanye kazi ya Command na Command ifanye ya Option. Sasa kitufe kilicho jirani na spesi ndicho Command, na kidole gumba kinakifikia.

Kunakili ni Command na C, kubandika Command na V. Hayo utayazoea siku moja. Yanayosumbua ni haya:

Kitufe chekundu cha dirisha hakifungi programu, kinafunga dirisha tu. Kufunga kweli ni Command na Q. Ukiona nukta chini ya ikoni kwenye Dock (ule upau wa ikoni ukingoni mwa skrini), programu bado ipo.

Ukiwa Finder, Enter haifungui faili, inalibadilisha jina. Kufungua ni Command na O au kubofya mara mbili.

Hakuna "kata" kwa faili. Nakili kwa Command na C, nenda unapotaka, bonyeza Option, Command na V. Faili linahama.

Home na End zinakupeleka mwanzo au mwisho wa hati nzima. Mwanzo na mwisho wa mstari ni Command na mshale wa kushoto au kulia.

Picha ya skrini: Shift, Command na 4. Programu ikiganda: Option, Command na Esc. Kutafuta chochote: Command na spesi, wengi wetu tumeacha kabisa kubofya ikoni kwa sababu ya hii.

Mausi ikisogeza ukurasa kinyume, ingia System Settings, Mouse, zima Natural scrolling. Kishale kikikuponyoka, kwenye Advanced hapo hapo zima Pointer acceleration. Kugandisha madirisha pembeni kwa kuyaburuta kumekuwepo tangu macOS Sequoia ya 2024. Kwenye matoleo ya nyuma weka programu ya bure iitwayo Rectangle.

Usijaribu kuigeuza Mac iwe Windows kwa kila programu ya kuongeza utakayoipata. Ipe wiki mbili kwanza.

9. Weka programu. Ziko njia mbili: App Store, au faili la .dmg kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ukifungua .dmg utaona ikoni na foleda ya Applications. Buruta ikoni uitupie kwenye foleda. Wageni wengi hufungua programu humo humo ndani ya .dmg, kisha kesho wanauliza imekwenda wapi. Ukishaburuta, toa .dmg kwa Eject na uifute.

Ikikataa kufunguka kwa sababu za usalama na una hakika imetoka kwa mwenyewe, nenda System Settings, Privacy & Security, shuka chini, bonyeza Open Anyway. Kama huna hakika, hiyo ndiyo kazi ya hilo onyo.

Zile zilizoandikwa "haipo" kwenye orodha yako: Boot Camp ya zamani haipo tena kwenye chipu za Apple. Kuna Parallels, ya kulipia, inayoendesha Windows 11 ya ARM ndani ya Mac; pakua toleo la majaribio ujaribu programu yako halisi kabla ya kulipa. Kwa mhasibu ninapendekeza njia ya bei rahisi: acha PC iwake bila monita, uingie kutoka kwenye Mac kwa programu ya Microsoft iitwayo Windows App. Sharti ni PC iwe na Windows ya Pro, Home haipokei. Na kama PC imebaki na Windows 10, iache kwenye mtandao wa ndani tu, isitumike kuvinjari.

10. Washa Time Machine, programu ya Mac ya nakala za akiba. Chomeka ile diski ya pili, System Settings, General, Time Machine, ongeza diski. Itaifuta, kwa hiyo usiipe ile ya exFAT yenye faili zako. Baada ya hapo itajinakili yenyewe kila saa ikiwa imechomekwa. iCloud inatoa GB 5 tu za bure, usiitegemee.

Kama ulinunua ya GB 256 na unataka SSD ya nje ya kufanyia kazi, iformat kwa APFS, mpangilio wa Mac yenyewe. Fungua Disk Utility, kwenye View chagua Show All Devices, bofya diski yenyewe iliyo juu kabisa, Erase, APFS, na GUID Partition Map. Usipoona chaguo la GUID, umebofya kipande badala ya diski.

11. Panga umeme. Mac mini haina betri. Lakini tofauti na PC yako ya pawa saplai ya wati 650, M4 ikiwa imetulia inakula wati 4 hivi, na ikikimbia kwa nguvu zote 65. UPS ndogo ya VA 650 iliyokuwa inaipa PC dakika tano za kulia piipii inaipa Mac na monita muda mrefu wa kumaliza kazi. Chomeka na ruta humo. Kisha System Settings, Energy, washa Start up automatically after a power failure, ili umeme ukirudi nayo iwake, hasa kama unaiacha na kazi usiku.

Kuizima kila siku si lazima. Iache ilale.

Yakigoma

*Maandishi yanaonekana membamba au yana ukungu.* Monita ni ya 1080p. Tangu 2018 macOS iliacha mbinu ya kulainisha herufi ambayo monita za hivyo zilifaidika nayo. Dawa ya kweli ni monita ya 4K. Kabla ya kununua, kaa mbele ya yako wiki moja; wengi huzoea.

*Vitufe vya sauti havifanyi kazi.* Sauti inatoka kwa HDMI, na Mac haidhibiti sauti ya monita. Tumia tundu la hedifoni, au weka MonitorControl, ni ya bure.

*Diski inasomeka lakini siwezi kuweka kitu.* Ni NTFS. Hamisha vilivyomo, kisha iformat exFAT au APFS.

*Flashi niliyoipeleka steshenari imejaa faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini.* Hayo ni mabaki ya Mac, hayana madhara. Mwambie dada wa steshenari afungue lile lisilo na nukta. Kama kwake flashi haifunguki kabisa, uliiformat APFS, PC haiijui.

*Kila nikiiamsha, Mac inalalamika kwamba diski haikutolewa vizuri.* Hub inakata umeme mashine ikilala. Chomeka diski moja kwa moja kwenye Mac, au nunua hub yenye umeme wake.

*Printa haionekani.* Kama inakubali AirPrint itatokea yenyewe ikiwa kwenye Wi-Fi moja na Mac. Printa kongwe za USB ambazo mtengenezaji hakuzitolea dereva ya Mac zina makazi mapya: zibaki kwenye PC.

*Mashine imekuwa nzito.* Fungua Activity Monitor, kichupo cha Memory, tazama grafu ya Memory Pressure. Ikiwa kijani, tatizo si RAM. Angalia diski kama imejaa, acha walau GB 40 wazi. Ikiwa nyekundu muda wote, funga tabo za Chrome. Ikibaki nyekundu, rudi kusoma kile kisa cha M1 yangu.

*Haiwaki vizuri, inaishia kwenye nembo.* Izime. Bonyeza kitufe cha kuwasha bila kuachia mpaka uone maneno ya startup options. Chagua diski yako, shikilia Shift, endelea katika Safe Mode. Ikikubali, iwashe upya kawaida. Ikikataa, rudi pale pale, ingia Options, tumia Disk Utility kukagua diski, na baada ya hapo ndipo usakinishe macOS upya. Faili hazifutwi kwa kusakinisha upya, lakini uwe na Time Machine kabla ya kuniamini.

PC ya zamani

Mwezi ukipita bila kuikimbilia, una njia mbili. Ukiiuza kwa vipande, kadi ya grafiksi na RAM ndizo zinazotoka haraka. Madabodi na prosesa uza pamoja, mnunuzi atakushukuru. Ukiiuza nzima, chomoa diski zako ubaki nazo. Kama ni lazima ziende, tumia Reset this PC, Remove everything, na kwenye mipangilio washa Clean data, maana kufuta kwa kawaida kunamwachia mwingine picha zako zote za harusi.

Na zile skrubu ndogo za M.2, zinazoshikilia diski ya SSD kwenye madabodi, usizitupe. Hakuna anayeziuza peke yake.